Penye miti, wajenzi walikwenda wapi?

Swali: "Asalaam alaikum Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, naishi Maskati, na binti yangu yuko darasa la kumi katika shule inayofuata mtaala wa Kihindi. Somo lao la maarifa ya jamii lina sura ya rasilimali, sura ya serikali ya shirikisho na sura ya maendeleo ya uchumi. Sura ya rasilimali inasema majimbo ya Jharkhand, Chhattisgarh na Madhya Pradesh yamejaa madini na makaa ya mawe. Ukifika sura ya maendeleo, anayesifiwa ni Kerala. Binti akaniuliza: mbona wenye mali ndio walio nyuma, na hiyo serikali ya shirikisho ilikuwa wapi? Nikamjibu, penye miti hapana wajenzi. Akacheka, akasema mwalimu wake hatoi alama kwa methali. Nisaidie. Na hapa jirani, Falme za Kiarabu si shirikisho pia? Mbona wao hawako hivyo?"

Waalaikumu salaam, dada yangu. Kwanza mpe binti hongera zangu. Sura hizo tatu kwa kawaida hufundishwa na watu tofauti, wiki tofauti, na mtoto hutoka darasani akidhani jiografia ni jiografia, uraia ni uraia na uchumi ni uchumi. Yeye amezishona pamoja kwa swali moja. Methali yako nayo si mbaya, ila kwa India inabidi tuigeuze kidogo. Wajenzi walikuwepo. Kilichotokea ni kwamba miti iliuzwa kwa bei ile ile nchi nzima, na mjenzi hakuwa na sababu ya kuhamia msituni.

Nitaeleza hilo, lakini tuanze na hesabu, maana binti atazihitaji.

Chukua Jharkhand na Kerala. Sensa ya India ya 2011 iliikuta Jharkhand na watu milioni 33 hivi, na Kerala milioni 33.4. Ni kama mapacha kwa idadi. Jharkhand ina makaa ya mawe ya Jharia na Bokaro, chuma cha Singhbhum, shaba, boksiti, hata urani ya Jaduguda, ambayo imekuwa ikichimbwa tangu miaka ya 1960. Kerala ina nazi, mpira, viungo, samaki na mvua. (Si kweli kwamba haina madini kabisa: mchanga wa pwani ya Chavara una ilmenaiti na monazaiti. Watoto wengi hawaambiwi, na akiitaja kwenye mtihani itampendeza msahihishaji.) Sasa tazama watu wenyewe. Mwaka huo wa 2011, waliojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 94 Kerala na asilimia 66 Jharkhand. Kwa wanawake peke yao pengo lilikuwa kubwa zaidi: 92 kwa 55. Taasisi ya mipango ya India, NITI Aayog, ilipopima umaskini kwa kuangalia lishe, elimu, maji, choo, umeme na mengineyo, kwa takwimu za 2015 na 2016, Jharkhand ilikuwa na asilimia 42 ya watu katika umaskini huo. Kerala haikufika hata asilimia 1.

Hapo ndipo binti alipoduwaa, na ana haki.

Jibu langu kwa ufupi ni hili: madini hayatajirishi mahali yalipo. Yanatajirisha mahali bei inapopangwa, mahali kiwanda kinapojengwa, na mahali wanapokaa wenye kisu cha kugawa nyama. Katika nchi ya shirikisho, yaani ile inayogawa mamlaka kati ya serikali kuu na majimbo, mambo hayo matatu huamuliwa na katiba na sheria. Kwa hiyo sura ya shirikisho ndiyo daraja linalounganisha zile mbili nyingine. Bila kupita juu yake, huwezi kutoka kwenye rasilimali ukafika kwenye maendeleo.

Tuanze na bei. Kitabu cha binti huenda kisitaje jambo hili, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote.

India ilipopata uhuru mwaka 1947, viwanda vyake vya chuma na migodi yake ya makaa ilikuwa mashariki: Bengal, Bihar ya wakati ule (Jharkhand ikiwa bado ndani yake), Orissa. Jamshedpur, mji uliojengwa na kampuni ya Tata, ulikuwa ukitoa chuma tangu 1912. Kwa mantiki ya kawaida ya biashara, mtu anayetaka kutengeneza mabomba, baiskeli au mashine angekwenda kukaa karibu na chuma, kwa sababu chuma ni kizito na nauli ya treni ni ghali. Huo ndio ulikuwa utajiri hasa wa mashariki: ukaribu. Mawe yaliyomo ardhini ni kitu kimoja, na ukaribu wa mawe hayo ni kitu kingine kabisa.

Katika miaka ya 1950 serikali ya Delhi ikaamua kusawazisha nauli. Chuma kiuzwe kwa bei moja India nzima, na gharama ya usafiri ichanganywe, kila mnunuzi alipe wastani. Mpango wa namna hiyo uligusa pia bidhaa nyingine nzito. Nikupe mfano wa kubuni ili binti auone. Tuseme tani ya chuma ni rupia 100 kiwandani Jamshedpur. Nauli ya kuipeleka kwa fundi wa jirani ni 2, na nauli ya kuipeleka Bombay, Mumbai ya leo, ni 20. Bila kusawazisha, jirani analipa 102, wa Bombay 120. Ukisawazisha, kama wote wawili wananunua sawa, kila mmoja analipa 111. Jirani ameongezewa 9, wa Bombay amepunguziwa 9. Serikali haikuchukua hata senti kutoka kwa mtu yeyote, na hakuna kodi mpya iliyotangazwa. Lakini faida ya kukaa karibu na mgodi imeyeyuka.

Nia haikuwa mbaya. Viongozi wa wakati ule waliogopa viwanda visije vikarundikana pembe moja ya nchi na pembe nyingine zikabaki kulima tu. Walitaka kila jimbo lipate chake. Ila waliosawazishiwa ni upande mmoja. Pamba, iliyokuwa utajiri wa magharibi ya nchi, haikusawazishwa. Kiwanda cha nguo cha Bengal kiliendelea kulipa nauli yake yote. Kwa hiyo Bombay ilipata chuma kwa bei ya Jamshedpur, na Calcutta, Kolkata ya leo, haikupata pamba kwa bei ya Bombay. Mpango huu uliishi karibu miaka 40, mpaka ukaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ndani ya miaka hiyo viwanda vya kutumia chuma vilistawi Maharashtra, Gujarat, Tamil Nadu na kandokando ya Delhi. Ulipofutwa, watu wa mashariki waliambiwa sasa uwanja ni sawa. Lakini kiwanda kilichokwisha kujengwa, chenye mafundi, bandari, benki na wateja, hakihami kwa sababu nauli imebadilika.

Sitaki binti aandike kwamba nauli ndiyo sababu pekee. Bombay ilikuwa na bandari, mitaji na vinu vya nguo kabla hata ya uhuru, na Bengal ilikuwa na matatizo yake mwenyewe. Lakini ukiniuliza ni uamuzi gani wa serikali ulioidhuru Jharkhand kwa kimya kuliko wote, nitakutajia huo, na nitakuwa na watu wengi upande wangu.

Sasa tuje kwenye umiliki. Hapa wewe, kama mtu wa Unguja, una bahati, kwa sababu jambo hili unalijua kwa jina lingine. Tanzania tuna orodha ya mambo ya Muungano. Yaliyomo humo yanashughulikiwa na Serikali ya Muungano, na yasiyokuwemo, kwa upande wa Zanzibar, ni ya Serikali ya Mapinduzi. Yalipoanza mwaka 1964 yalikuwa 11, sasa ni 22. Mafuta na gesi yaliingizwa kwenye orodha mwaka 1968, na mabishano yake unayakumbuka: Zanzibar wakadai rasilimali iliyo chini ya bahari yao isiwe ya kugawana, hadi baada ya sheria ya petroli ya 2015 Baraza la Wawakilishi likatunga sheria ya mafuta na gesi ya Zanzibar mwaka 2016. Ule ubishi wa "ni jambo la Muungano au si la Muungano" ndio huo huo wa India, ila India ina orodha tatu.

Orodha ya kwanza ni ya serikali kuu: ulinzi, mambo ya nje, sarafu, benki, mawasiliano. Ya pili ni ya majimbo: polisi, afya, kilimo, umwagiliaji, biashara ya ndani ya jimbo. Ya tatu ni ya pamoja, ambayo pande zote mbili zinaweza kuitungia sheria, na sheria zikigongana ya serikali kuu ndiyo inayosimama: elimu, misitu, ndoa, urithi. Elimu na misitu havikuwa humo tangu mwanzo. Vilitolewa kwenye orodha ya majimbo mwaka 1976. Kisichotajwa popote ni cha serikali kuu. Hilo la mwisho ni alama ya aina ya shirikisho. Marekani, makoloni 13 yalikuwa tayari na serikali zake, yakaja kuungana, kwa hiyo yakabakiza kwao yale ambayo hayakuyakabidhi. India ilianza ikiwa nzima, kisha ikagawa mamlaka kwenda chini, na ikabakiza mengi juu. Bunge la Delhi linaweza hata kuchora upya mipaka ya majimbo kwa sheria ya kawaida. Ndivyo Jharkhand yenyewe ilivyozaliwa, tarehe 15 Novemba 2000, kwa kukatwa kutoka kusini ya Bihar.

Na madini? Yako mguu ndani, mguu nje. Migodi imetajwa kwenye orodha ya majimbo, lakini kwa masharti kwamba Bunge likitamka udhibiti wake ni kwa faida ya taifa, nguvu zinahamia Delhi. Bunge lilitamka hivyo kwa sheria ya madini ya 1957. Tangu hapo mrabaha, yaani malipo ya mchimbaji kwa madini anayoyatoa, unalipwa kwa jimbo, ila kiwango chake kinapangwa na serikali kuu. Kwa makaa ya mawe ni asilimia 14 ya bei tangu mwaka 2012; kabla ya hapo kilikuwa kikipangwa kwa fomula nyingine, na majimbo yakilalamika kila mara kwamba marekebisho yanachelewa huku bei ya makaa ikipanda. Fikiria una shamba la karafuu, lakini bei ya kuuzia anaipanga mtu mwingine, na haipandishi mpaka apende. Shamba ni lako kweli. Lakini utamwambia nani?

Majimbo yalijaribu kuongeza tozo zao wenyewe juu ya mrabaha. Mwaka 1989 jopo la majaji saba wa Mahakama ya Juu likasema hapana: mrabaha ni kodi, na jimbo halina mamlaka ya kuongeza tozo juu yake. Hukumu hiyo ilisimama miaka 35. Tarehe 25 Julai 2024 majaji tisa wa mahakama hiyo hiyo, wanane kwa mmoja, wakaipindua. Wakasema mrabaha si kodi, ni malipo ya mkataba kwa mwenye haki ya madini, na majimbo yana mamlaka ya kutoza kodi kwenye haki za madini na ardhi yenye madini. Mwezi uliofuata wakaruhusu madai ya nyuma kuanzia Aprili 2005, yalipwe kwa awamu katika miaka 12. Jharkhand haikukawia, mwaka huo huo ikapitisha sheria ya kutoza ardhi yenye madini. Jambo hili ni jipya, na vitabu vingi vya shule havijalifikia. Binti akiliandika, aliandike kwa tarehe.

Kuna kitu cha tatu ambacho hesabu za mrabaha hazikionyeshi, nacho ni watu waliokuwa wanakaa juu ya hayo mawe.

Zaidi ya robo ya wakazi wa Jharkhand ni watu wa makabila ya asili: Santhal, Munda, Oraon, Ho na wengine. Hawa walianza kupigania ardhi yao zamani, wakati wa Mwingereza. Birsa Munda aliongoza uasi uliozimwa mwaka 1900 na akafia jela ya Ranchi akiwa kijana wa miaka 25 hivi. Jimbo lilizinduliwa siku yake ya kuzaliwa kwa makusudi. Uasi ule ulisaidia kuleta sheria ya ardhi ya Chota Nagpur ya 1908, inayozuia ardhi ya makabila hayo kuuzwa ovyo kwa watu wa nje. Sheria ikamzuia mnunuzi, haikumzuia serikali. Mgodi, bwawa na kiwanda vikija kwa jina la maslahi ya umma, kijiji kinahama. Mabwawa ya Maithon na Panchet, yaliyomalizika 1957 na 1959, ni mfano wa wazi: sehemu kubwa ya ardhi iliyozama ilikuwa upande wa Bihar ya wakati ule, ambayo leo ni Jharkhand, na maji ya kumwagilia yakaenda zaidi Bengal Magharibi.

Nilipokuwa mwanafunzi India nilipita eneo la Jharia, karibu na mji wa Dhanbad. Ardhi ilikuwa inatoa moshi kwenye nyufa, kama sufuria iliyofunikwa vibaya. Makaa yaliyo chini yanaungua tangu 1916, na hayajazimika. Juu yake watu wamejenga nyumba, wana watoto, wana maduka. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza chai alinionyesha kwa kidole mahali palipokuwa na nyumba yake. Makao makuu ya kampuni ya serikali ya makaa ya mawe, Coal India, yako Kolkata. Yale ya Tata yako Mumbai. Sina ugomvi na kampuni kuwa na makao mjini. Ninachosema ni kwamba mshahara mkubwa, wakili, mhasibu na benki viko huko, na moshi uko Jharia.

Kwa upande wa kisiasa napo, mpaka mwaka 2000 watu wa maeneo haya walikuwa wachache ndani ya jimbo la Bihar, na maamuzi yalikuwa Patna, makao makuu ya Bihar. Tunapenda kuzungumza juu ya serikali kuu na majimbo kana kwamba jimbo ni mtu mmoja. Jimbo nalo lina katikati yake na pembezoni mwake. Ndiyo maana marekebisho ya katiba ya 1992 yaliyoanzisha halmashauri za vijiji na miji kama ngazi ya tatu yana umuhimu, na ndiyo maana mwaka 2015 ikaundwa mifuko ya wilaya zenye migodi: mchimbaji, juu ya mrabaha, analipa nyongeza, asilimia 30 ya mrabaha kwa leseni za zamani na asilimia 10 kwa zile zilizopatikana kwa mnada, na fedha hizo zinapaswa kutumika kwa walioathirika, wilaya ile ile. Ni hatua nzuri iliyochelewa sana. Migodi mingine ilikwisha chimbwa kwa zaidi ya miaka 100 kabla mtu hajafikiria mfuko.

Sasa, binti asije akadhani shirikisho ni la kunyang'anya tu. Lina mkono mwingine, wa kugawa. Kila miaka mitano hivi huundwa Tume ya Fedha, kwa mujibu wa ibara ya 280 ya katiba, kuamua kodi zinazokusanywa na Delhi zirudi kwa majimbo kiasi gani na kwa vigezo gani. Tume ya 15, kwa miaka ya 2021 hadi 2026, iliyapa majimbo asilimia 41 ya mfuko wa kugawana. Kigezo chake chenye uzito kuliko vyote, asilimia 45, kilikuwa jinsi pato la jimbo lilivyo mbali na majimbo tajiri: kadiri ulivyo nyuma ndivyo unavyopata zaidi. Matokeo yake, kati ya fungu la majimbo yote, Jharkhand ilipewa asilimia 3.307 na Kerala asilimia 1.925. Kumbuka hawa ni mapacha kwa idadi. Na fungu la Kerala lilikuwa asilimia 3.875 wakati wa Tume ya 10. Lilikuwa limekatika nusu kwa kosa la kufanya vizuri, kama wasemavyo wenyewe. Mwishoni mwa 2023 Kerala iliipeleka serikali kuu Mahakama ya Juu ikigombea haki yake ya kukopa. Kwa hiyo ukiuliza shirikisho lilikuwa wapi, jibu ni kwamba lilikuwepo, likichukua kwa mkono mmoja mapema na kurudisha kwa mwingine baadaye, na kila upande ukilia. Umaskini ule wa asilimia 42 wa Jharkhand ulishuka hadi karibu 29 katika takwimu za 2019 hadi 2021. Bado ni mwingi, lakini si mahali pale pale.

Kerala basi ilifanikiwa kwa nini? Hapa naenda haraka, maana vitabu vyenu vinaieleza vya kutosha. Elimu yake haikuanza juzi: mwaka 1817 ufalme wa Travancore, chini ya malkia Gowri Parvati Bai, ulitangaza kwamba dola ndiyo itakayobeba gharama ya kuelimisha watu. Wamishenari, vyama vya tabaka za chini na baadaye vyama vya siasa vikaendeleza. Jimbo lilipoundwa mwaka 1956, likachagua serikali ya kikomunisti mwaka uliofuata, ikagusa ardhi na shule, na Delhi ikaivunja mwaka 1959. Nguvu ya serikali kuu unaiona hapo. Lakini mageuzi ya ardhi na afya yakaendelea. Jambo la kuangalia ni hili: ardhi, afya, na mpaka 1976 elimu, vyote vilikuwa kwenye orodha ya majimbo. Kerala ilitia nguvu zake mahali ambapo katiba ilimwachia nafasi. Jharkhand utajiri wake ulikuwa mahali ambapo katiba ilimfunga mikono.

Baadaye, watu waliosoma wakaenda kutafuta. Wewe uko Maskati, sina haja ya kukuambia nani muuguzi, nani mhasibu, nani mwenye duka la pembeni. Fedha zao zikajenga nyumba za Malappuram na Kottayam. Na Kerala si peponi: vijana wake wengi wenye vyeti hawana kazi nyumbani, na jimbo lina madeni. Lakini mtoto anayezaliwa huko ana nafasi ya kuishi. Takwimu za 2020 zinasema kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, wanaokufa kabla ya mwaka mmoja ni 6 Kerala, 43 Madhya Pradesh. Na Haryana, ambayo pato lake kwa kila mtu ni kubwa kuliko la Kerala, ni 28. Hapo ndipo sura ya maendeleo inapotaka binti afike: pato la wastani halikuambii nani anapata daktari.

Akikaa kwenye mtihani, asianze na ufafanuzi wa rasilimali uliokaririwa. Aanze na Jharkhand na Kerala, watu milioni 33 kila moja, aeleze nauli, mrabaha na Tume ya Fedha, kisha amalizie na vifo vya watoto. Msahihishaji amesoma majibu 200 yanayofanana tangu asubuhi.

Sasa majirani zenu. Ndiyo, Falme za Kiarabu ni shirikisho: sita ziliungana Desemba 1971, na Ras al Khaimah ikajiunga Februari 1972. Lakini ibara ya 23 ya katiba yao inasema mali asili za kila ufalme ni mali ya umma ya ufalme ule. Mafuta ya Abu Dhabi ni ya Abu Dhabi, ambayo inamiliki zaidi ya asilimia 90 ya mafuta yote ya shirikisho. Bei, leseni na mapato havipitii kwanza kwa serikali ya shirikisho. Abu Dhabi ni mchangiaji mkubwa wa bajeti ya shirikisho, na falme za kaskazini zisizo na mafuta, kama Ajman na Umm al Quwain, zinategemea bajeti hiyo kwa shule, hospitali na barabara. Kwa hiyo huko mwenye mali ndiye tajiri, na pengo lipo, ila limegeukia upande mwingine. Ongeza kwamba raia ni wachache na mafuta ni mengi. Ukilinganisha na Jharkhand yenye watu zaidi ya milioni 33, hesabu haifanani hata kidogo.

Mkienda Fujairah, ufalme mwingine wa shirikisho hilo, na najua watu wa Maskati huenda, mwonyeshe binti matangi makubwa ya mafuta yaliyo karibu na bandari. Fujairah haina mafuta yake ya kujivunia. Lakini mwaka 2012 lilifunguliwa bomba la karibu kilomita 400 kutoka Habshan, jangwani Abu Dhabi, kuja kupakia meli pale bila kupita mlango wa Hormuz. Mafuta yanachimbwa Habshan, kazi ya bandari na maghala iko Fujairah. Kisha muulize: kati ya sehemu hizo mbili, ipi ni Jharkhand na ipi ni Bombay, na kwa nini mfano huo unakataa kufanana kabisa? Akikujibu, niandikie alivyosema.